Chumvi ya Mkalimani

Siku sita za juma baba yangu alikuwa fundi wa viatu. Siku ya saba alikuwa mdomo wa mchungaji. Kanisa letu lilikuwa la mabati, pale mtaa wa Lindi, Kibera, jijini Nairobi, na mchungaji alikuwa mzee wa kwetu Magharibi aliyeamini kwamba Mungu anaelewa Kiluhya vizuri kuliko lugha nyingine zote. Shida ni kwamba nusu ya washirika walikuwa Wajaluo, na watoto wengi wa pande zote mbili hawakujua chochote ila Kiswahili cha mtaani. Kwa hiyo kila Jumapili Baba alisimama kando ya mchungaji na koti lake la kahawia, akipokea sentensi kwa Kiluhya na kuitoa kwa Kiswahili kabla haijapoa.

Hakuwahi kusema "mchungaji anasema". Mchungaji akisema "mimi", Baba naye alisema "mimi". Mchungaji akinyoosha mkono, Baba ananyoosha wake. Mchungaji akilia, Baba analia pia, ila kwa muda mfupi zaidi, maana yeye alikuwa kazini.

Na alikuwa anatia chumvi, hilo kila mtu alilijua. Siku moja mchungaji alisema Mungu anawapenda maskini. Baba akatoa: "Mungu anawapenda maskini, lakini hajasema mkae hivyo hivyo." Watu wakaangua kicheko. Mchungaji, ambaye Kiswahili alikielewa kuliko alivyokubali, akamgeukia na kumwambia kwa Kiluhya, "Mimi sikusema hivyo." Baba akawageukia washirika, uso mkavu, akawaambia, "Mimi sikusema hivyo." Siku hiyo sadaka ilikuwa nzuri, kwa hiyo mchungaji akanyamaza.

Mimi aliniita Mama. Nilirithi jina la mama yake mzazi, na kwetu hilo linatosha. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, mtu mzima na ndevu zake aliniomba ruhusa ya kwenda kazini na kuniuliza kama nimeridhika na alivyonawa mikono. Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa darasa la tano, na shangazi yangu, dada yake Baba, akaja kukaa nasi. Yeye aliitwa Shangazi. Mama nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa Mama huyo, alipofika miaka ishirini na miwili, alihamia mtaa wa Kawangware kwa fundi seremala mmoja bila kupita kanisani wala kwa wazee. Sitajitetea. Nusu ya Kawangware ilikuwa imeoana hivyo na nusu nyingine ilikuwa inatafuta chumba. Jumapili bado nilitembea kwa miguu hadi Lindi kusali, kwa sababu mimi ni mtu wa kichwa kigumu na sikutaka mtu aseme nimejificha.

Jumapili ya tatu mchungaji akapanda madhabahuni na hasira. Akasema kwa Kiluhya, ambacho mimi nilikipata nyumbani kwa Baba, kwamba kuna mzee hapa ndani ambaye binti yake anaishi na mwanamume kama mbuzi, na mzee huyo amenyamaza. Nilikuwa benchi la pili. Nilimtazama Baba na, niseme ukweli, sikuogopa. Nilijua chumvi inakuja. Mtu aliyewatetea maskini wote wa Kibera angeshindwa kunitetea mimi? Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Baba akafungua mdomo. "Kuna mzee hapa ndani," akasema kwa Kiswahili safi, "ambaye binti yake anaishi na mwanamume kama mbuzi, na mzee huyo amenyamaza." Neno kwa neno. Hakuongeza hata nukta. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafsiri sawasawa.

Nilimngoja mlangoni. Washirika walikuwa wanatoka, wengine wakijifanya wanafunga kamba za viatu ili wasikie. Nikamwambia, "Baba, maisha yako yote unasema maneno ya watu. La kwako mwenyewe huna hata moja."

 Akamgeukia Shangazi, akamwambia, "Mwambie huyu mvua inakuja, aende mapema." Huyu, si Mama. Nilirudi Kawangware nimekasirika, na hasira hiyo niliilea vizuri kwa miezi miwili. Sikukanyaga Lindi. Kiburi nilikirithi kwake pamoja na miguu mirefu.

Kisha Shangazi akatuma mtu. Baba alikutwa kibandani kwake ameketi na kiatu mapajani, mkono wa kulia unaning'inia, mdomo umeenda upande. Kiharusi. Alipotoka wodini wiki tatu baadaye alikuwa anatembea kwa mkongojo, anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na hawezi kusema chochote. Niliyemwambia hana neno lake hata moja, sasa hakuwa nalo kweli. Kama kuna mtu anataka kujua nilivyojisikia, basi ajue nilijisikia mchawi.

Nilianza kumpeleka kliniki kila Jumanne. Huko hospitalini kulikuwa na dada mmoja aliyefundisha watu kusema upya, mpole, na pakiti ya kadi za picha. Akimwonyesha Baba kikombe, Baba anakunja uso, anatoa jasho: "Ki... kile... kile kina..." Akimwonyesha mti: "U... ule... ule una..." Kikombe hakuna, mti hakuna, lakini vichwa vya maneno, ki- ya kikombe na u- ya mti, vyote vipo mahali pake. Mimi mzima wa afya, mtoto wa Nairobi, ningesema "hii kikombe" na "hii mti" na maisha yangeendelea.

Yule dada alinieleza kwa mfano wa kazi ya Baba. Alisema sisi tunadhani neno ni kiatu kizima kwenye rafu, kumbe kichwani limelala vipande vipande: soli mahali pake, ngozi mahali pake, kamba mahali pake, na ubongo unashona kila mara tunapotaka kusema, haraka kuliko kupepesa jicho. Kwa Baba kamba zimebaki, ngozi haipatikani. Akaniambia pia nitegemee mchanganyiko. Akitaka kijiko atasema uma, akitaka kofia atasema kiatu, kwa sababu maneno jirani hugongana. "Msimcheke," akasema, "na msitafute maana kubwa humo."

Jumapili moja Shangazi akaamua kumpeleka kanisani akaombewe. Walimketisha mbele, karibu na mchungaji. Kulikuwa na mkalimani mpya, kijana mwenye tai, anayesema "mchungaji anasema" kila sentensi hadi watu wanasinzia. Mchungaji akaanza kwa Kiluhya: "Mungu ni mwema." Kabla yule kijana hajavuta pumzi, Baba, kutoka kitini, akasema wazi kabisa: "Mungu ni mwema."

 Mchungaji akajaribu tena, sentensi ndefu. Baba akaitoa yote kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, hakukwama. Kina mama wakapiga vigelegele, benchi moja likaanguka. Mtu aliyeshindwa kusema "kikombe" siku ya Jumanne, Jumapili alihubiri nusu saa.

Ilitangazwa kuwa amepona. Wakamwita madhabahuni atoe ushuhuda. Baba akasimama, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akatoa jasho. "Ki... kile..." Muujiza wenyewe ukaanza kuwatia watu wasiwasi. Hapo mchungaji, ambaye si mjinga, akamsogelea na kusema kwa Kiluhya, "Mimi nilikuwa siwezi kusema, lakini leo nasema." Baba akawageukia washirika na kuwaambia kwa Kiswahili, kwa sauti nzito, "Mimi nilikuwa siwezi kusema, lakini leo nasema." Basi wakaimba hadi saa nane. Ushuhuda uliandikwa kwenye daftari la kanisa kama wa Baba.

Jumanne Shangazi akagoma. Kliniki ya nini tena, mtu amepona? Nilimpeleka Baba kwa nguvu. Yule dada alipojaribu Kiluhya chake cha kuokoteza na Baba akamgeuzia kwa Kiswahili, alishika shavu, halafu akasema hili limewahi kuonekana. Njia ya kutafuta neno lako na njia ya kugeuza neno la mwenzako si moja. Ile ya kwanza imeziba, ya pili iko wazi. "Lakini ni kama bomba," akasema. "Unachomimina huku ndicho kinachotoka kule."

Alikuwa sahihi, maana chumvi ilikuwa imekwisha. Baba alitafsiri sasa kama siku ile ya mbuzi, neno kwa neno. Shangazi ndiye aliyefaidi. Alikuwa anamwambia kwa Kiluhya, "Nataka chai," Baba anasema kwa Kiswahili, "Nataka chai," na Shangazi anamimina akisema, "Haya, si ungesema mapema." Kwa siku alimnywesha vikombe saba. Aliomba kwa niaba yake, akamkubalia, kisha akamlalamikia kwamba anasumbua. Baba aliinua macho kunitazama juu ya kikombe, na nilijua yule mtu yumo ndani, mzima, na amechoka na chai.

Nami sikuwa bora kuliko Shangazi. Alasiri moja tulipobaki wawili nilivuta stuli, nikaketi mbele yake, nikasema kwa Kiluhya, "Nimemsamehe binti yangu." Akatoa kwa Kiswahili, bila kusita: "Nimemsamehe binti yangu." Nikajaribu tena ili nisikie vizuri. Akatoa tena, sauti ile ile ya madhabahuni. Ilikuwa tamu kwa muda wa kama pumzi mbili, kisha nikaona aibu iliyonishika hadi masikioni. Nilikuwa nimeiba msamaha mfukoni mwa mgonjwa. Nilitoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Miezi ikapita hivyo, Kawangware na Lindi, Jumanne na kadi za picha. Baba alipata maneno machache: maji, hapana, msumari. Msumari lilirudi kabla ya jina la dada yake, na Shangazi hakumsamehe. Mimi hakuniita chochote. Akinitaka alipiga mkongojo sakafuni.

Siku yenyewe haikuwa na lolote la pekee. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imetoka kunyesha, Shangazi yuko kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimemletea Baba kiatu changu kilichokatika mkanda, si akishone, akishike tu. Alikigeuza geuza kwa mkono wa kushoto akakuta mahali palipoharibika, akatikisa kichwa, kama zamani alivyotikisa kwa mteja mzembe. Sijui ni nini kilinishika. Nilishindwa kujizuia nikalia, na nikasema kwa Kiluhya, si kwa hila safari hii, nilikuwa nimesahau kabisa ule mfano wa bomba wa yule dada. Nilisema, "Baba, nisamehe kwa neno lile."

Baba akaweka kiatu chini. Miaka yote ile, sentensi ikimfikia, alikuwa anageuka kuwatazama washirika. Siku ile hakugeuka. Alinitazama mimi.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "nisamehe kwa neno lile."

Najua. Baba na mama ni maneno jirani, na yule dada wa hospitali angeniambia yamegongana, nisitafute maana kubwa humo. Jumanne iliyofuata sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha kumjibu mzee wangu, na nilimjibu kwa Kiswahili, ili asilazimike kutafsiri.