Namba ya Mzee Adelino

Mzee Adelino Fragoso alitajirika kwa vizibo vya chupa za mvinyo, akawa na viwanda vyake mwenyewe, lakini alianza kama kibarua wa kubandua magome ya mialoni yanayotengenezewa vizibo hivyo, huko Coruche, Ureno. Kila msimu ukifunguliwa, shoka la kwanza lilikuwa lake. Kiangazi hiki magoti yalichoka hata kabla hajashuka garini.

"Baba, mwachie msimamizi," bintiye Graciete alimsihi.

"Zeferino? Huyo atauumiza mti! Hapa unapiga huku unasikiliza, sio kama unachanja kuni."

Akapiga. Gome likaachia zima, shina likabaki jekundu. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaandika juu yake tarakimu ya mwisho ya mwaka, kama ilivyo desturi, maana mti haubanduliwi tena mpaka ipite miaka tisa.

"Tukirudi kwenye mti huu, bosi, mvinyo juu yako," Zeferino alimtania.

Adelino aliitazama namba ikichuruzika. Alikuwa na miaka themanini na tano.

"Mti ukivuliwa gome unaota jingine, mjinga wee," alisema, akimkabidhi shoka. "Mimi hili ndilo la mwisho. Shika, na usiuumize."