Nilivyokwenda Geita Kukataa Mboga

Nilikwenda Geita kwa sababu ya neno langu mwenyewe. Nalieleza hapa lote, ili wenzangu wa kikundi wasije wakasikia nusu yake mnadani.

Mwaka jana, pamba ilipokwisha kuvunwa, walitujia Kishapu wanawake watatu wa kikundi cha kule Geita. Restuta, mwenyekiti wao, mzaliwa wa Ushirombo, mwanamke wa kucheka mpaka kuku wanakimbia. Hadija, ambaye tulimwita Mama Zaituni, kwao Kigoma, mtu wa maneno machache. Na Kabula, Msukuma mwenzetu, mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mkali kuliko wote. Walikaa siku sita. Tuliwafundisha kusuka vikapu kwa nyasi za ngitili, lile pori letu tunalolizuia mifugo isiingie. Wao wakatufundisha majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo. Halafu mimi nikawafundisha bustani za magunia, maana hiyo ndiyo kazi yangu katika kikundi.

Gunia halina siri. Unachanganya udongo, samadi na mchanga, katikati unasimamisha kokoto za kupitishia maji, unatoboa pembeni, unapanda. Kabula aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma chetu, "Mayu, mchanga gani?" Nikamjibu, "Mchanga wowote, mwanangu, ilimradi uwe laini." Kwetu mchanga ni mchanga. Mto ukikauka unashuka na ndoo yako, unachota, unapanda juu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Jumatatu moja mwaka huu Restuta akanipigia simu kwa furaha. Magunia yao yamestawi, mgagani umefika kiunoni, mchicha unafunga njia. Alhamisi mchana watawapikia watoto wa chekechea mboga ya kwanza. "Na mchanga hatukuhangaika, Mama! Mama Zaituni ametupatia pale kwenye mwalo, bure, tumesomba kwa mkokoteni!"

Jirani yangu Limbu alikuwa uani kwangu akifunga ua wa miiba. Simu yangu inapiga kelele, alisikia yote. Akaweka panga chini. Limbu alichimba dhahabu Geita ujana wake wote, na siku hizi kikombe cha chai hakishiki kwa mkono mmoja.

"Mama Masele," akasema, "huo si mchanga. Ni marudio."

Akanieleza. Mwalo ndipo wanaposaga mawe na kuosha dhahabu. Wanaikamata dhahabu kwa zebaki, na kinachobaki ni mchanga laini kama unga, mweupe, wanaurundika pembeni. Huo ndio marudio. Zebaki haitoki yote. Inabaki mle, haina harufu wala rangi.

Nikampigia Restuta palepale. Nikamwambia asiwape watoto ile mboga. Akacheka. "Mama, huyo Limbu wako si ndiye uliyetuambia anakunywa? Sisi tunakanyaga mchanga huo kila siku, mbona wazima? Usinitie nuksi, nimeshawaalika wazazi." Nikapiga tena jioni, hakupokea. Jumanne nzima hakupokea.

Jumatano alfajiri nikafunga safari. Binti yangu Masele alinizuia mlangoni, eti magoti yangu hayawezi barabara ile. Nikamwambia magoti hayakusema "mchanga wowote", kinywa ndicho kilichosema, basi yatakibeba.

Kutoka kwetu Mhunze hadi Shinyanga mjini safari ilikuwa njema. Kondakta aliitwa Mhoja, mtoto wa marehemu Sitta wa Mwadui, akanipa kiti cha mbele. Tinde tulipita saa nne. Nilihesabu kwamba jioni nitakuwa Geita, nitalala, asubuhi nitazungumza na Restuta taratibu, wawili tu, bila kumwaibisha mbele ya watu.

Tulipokaribia Isaka magari yakasimama. Lori lenye kontena, katika yale yanayokwenda nchi za magharibi, lilikuwa limelala kukingama barabara nzima. Mbele malori, nyuma malori, madereva wamekaa chini ya matela wanapika ugali. Nikamwuliza mmoja, jina lake Swedi, tutaondoka saa ngapi. "Bibi, ukiona sisi tunasonga ugali, jua leo ni hapa." Nikajaribu simu ya Restuta. Inaita, haipokelewi. Nikaketi kwenye kivuli cha basi na kila saa ilipopita niliiona kama sahani moja imewekwa mezani.

Tuliingia Kahama jua limezama na basi la Geita limekwishaondoka. Nikalala kwa Nyanzobe, binti wa dada yangu. Alinitandikia godoro zuri lakini silisifu, sikulitumia sawasawa.

Alhamisi saa kumi na mbili nilikuwa ndani ya basi la kwanza. Kuna mahali tuliiacha lami, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Pembeni mwa njia nikaanza kuyaona yale malundo meupe, moja hapa, jingine kule, na watoto wanateleza juu yake kama kwenye lundo la pumba. Mama aliyekaa karibu yangu, Mama Pendo, muuza vitenge wa Kalangalala, nilimwuliza ni kitu gani. "Marudio hayo, bibi. Mali hiyo! Wenye mitambo wanayanunua wayaoshe tena." Nikamwuliza kama watu wanalimia. Akanitazama. "Nani atalima humo?"

Saa tano kasoro nikashuka Geita, nikachukua pikipiki. Dereva akaniuliza kama naogopa mwendo. Nikamwambia leo naogopa kuchelewa.

Niliusikia wimbo kabla sijafika. Uwanja mbele ya chekechea umefagiliwa, wazazi wamekaa kwenye mikeka, na kando ya ukuta yamepangwa magunia. Nasema kweli, sijapata kuona magunia mazuri namna ile. Yangu mwenyewe hayajawahi kuwa hivyo. Mgagani umesimama, majani yake mapana yananing'inia, na pale lilipochanika gunia moja umemwagika chini udongo uliochanganyika na mchanga mweupe, laini kama unga. Jikoni, juu ya majiko yao ya udongo, sufuria mbili zinafuka.

Restuta aliponiona akapiga vigelegele. "Mwalimu wetu! Jamani, mwalimu mwenyewe kaja!" Akanikumbatia, akasahau simu zote, au akafanya kusahau. Wanawake wakaja kunishika mikono. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." "Mwangaluka, mayu," akasema Kabula, akapiga goti kama inavyopasa. Nikamwitikia, "Mwangaluka, mhola?" "Mhola duhu." Watoto walikuwa wamejipanga na sahani zao za plastiki. Nikawauliza majina, kwa maana sikujua nianzeje. Shija. Doto. Magreth. Ramadhani. Neema wa kwanza na Neema wa pili. Mdogo wao kabisa, Juma, alikuwa ameivaa sahani kichwani.

Sasa kuna desturi yetu, ambayo sisi ndio tuliowapa. Mboga ya kwanza haiguswi mpaka aliyefundisha aonje. Restuta alikuwa ameishika desturi hiyo kuliko sisi. "Tulikuwa tuitenge sahani yako tuipige picha tukutumie," akasema, "kumbe Mungu kakuleta." Akanikalisha kwenye kiti, akaninawisha mikono, akaniletea ugali na mgagani uliopikwa kwa karanga. Watoto wananitazama mkono.

Sikula.

Nikasema, "Restuta, nilikuomba kwenye simu. Mboga hii isiliwe."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni halina pa kwenda. "Mama, onja kidogo tu. Watu wanatazama."

"Hata kidogo siwezi. Na watoto wasile. Mchanga wa humo una zebaki."

Kabula akasimama. "Hee! Mtu atoke Kishapu mpaka huku, aje akatae chakula mbele ya watoto? Mayu, kama yetu imestawi kuliko yako, sema tu, tutakupa mbegu!" Baadhi wakacheka. Halafu mwanamke mmoja nyuma, jina lake nimelijua baadaye lakini silitaji, akasema si kwa sauti kubwa, "Mtazameni macho yake."

Kicheko kikakatika.

Macho yangu ni mekundu. Ni moshi wa mafiga matatu tangu nikiwa msichana. Lakini sisi wa huku tunajua bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa nani, na yaliyowapata wengine kwa kuitwa hivyo. Bibi wa namna hiyo akikataa chakula, kisha akasema chakula kina sumu, watu hawaulizi sumu imetoka wapi. Njia ya kutokea ilikuwa nyuma ya wale watu wote. Nikafikiri, onja tu tonge moja, Mama Masele, urudi kwenu. Halafu Juma akaishusha ile sahani kichwani, akaikung'uta vumbi, tayari.

Nikatoka kwenye kiti nikapiga magoti. Mbele ya Kabula, ambaye ningeweza kumzaa mama yake. Akarudi nyuma. "Mayu, inuka! Unanilaani!"

"Silaani mtu. Naomba msamaha. Uliniuliza mchanga gani, nikakwambia mchanga wowote. Ulikuwa umeuliza swali la maana kuliko jibu nililokupa. Kosa si lako wala la Restuta. Mimi nilifundisha mahali nisipopajua."

Nikamtafuta Mama Zaituni. Alikuwa jikoni, ameshika mwiko, hajasogea tangu nifike. Ndiye afanyaye kazi mwaloni, ndiye aliyewapatia ule mchanga.

"Mama Zaituni," nikamwita, nikiwa bado chini. "Ukitoka mwaloni, kabla hujambeba mjukuu, unafanya nini?"

"Naosha mikono."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Na sabuni. Na nguo nabadili nje."

"Kwa nini nguo unabadilia nje?"

Akautazama mwiko. Akawatazama watoto. "Waliniuliza mchanga uko wapi," akasema, "nikafurahi na mimi kuwa na kitu cha kuleta. Kigoma nimeacha kila kitu, hapa nilikuwa naleta mikono tu. Nikajiambia samadi itaupoza." Akajifunga khanga kiunoni, akazishika sufuria, moja kisha ya pili, akaziteremsha motoni. "Watoto wasile," akasema. "Zebaki naijua mimi, si bibi. Kama kuna mchawi hapa basi ni mimi."

Hapo ndipo Restuta alipokaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

Mchana ule watoto walikula saa nane, ugali na maharage kutoka kwenye nyumba za wazazi, kila mmoja ameleta kibakuli. Walilalamika njaa, na Doto alilia. Kilio hicho nilikipokea. Jioni tukachimba shimo mbali na kisima, tukayamwaga magunia yote. Hata mbuzi hatukuwapa. Mgagani ule ulikuwa mbichi kabisa, unanukia, na kuung'oa kwa mkono wako ni kazi mbaya. Restuta alikiri kwamba yeye na Mama Zaituni walishaonja onja wakati wa kupogoa. Nikawaambia waende zahanati wakaseme ukweli wote, na Restuta akaninyooshea kidole: "Tutakwenda, Mama, usianze tena." Nikajua anaanza kunisamehe.

Kabula hakunisamehe. Alifanya kazi tangu mwanzo mpaka mwisho, aling'oa kuliko wote, lakini hakunisemesha. Ijumaa asubuhi waliponisindikiza kituoni hakuja.

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi kwa gari, nzito kwangu. Isaka lile lori lilikuwa limeondolewa, limebaki doa la mafuta. Nilipofika Mhunze nilimpitia Limbu, nikamwambia watoto hawakula. Akasema "Sawa," akaendelea kufunga ua, lakini nilimwona anajifuta uso kwa kofia.

Nilichojifunza niliwaambia wenzangu kwenye kikao cha Jumapili. Miaka yote nilidhani nafundisha magunia, kumbe nilikuwa nafundisha Kishapu. Sasa akija mgeni kujifunza, kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye anayeanza kunisimulia, nami namwuliza: maji yenu yanatoka wapi, nani yuko juu ya mto, hicho kilima ni cha nini. Nikishaelewa ndipo namshika mkono tunakwenda kwenye samadi. Baadhi ya wenzangu wanasema nimekuwa mwoga na maswali yangu yanachosha. Na yachoshe.

Baada ya wiki tatu simu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa Kabula. Hakunisalimu kwanza, akaingia moja kwa moja.

"Mayu, nimepata udongo wa kichuguu. Juu, nyuma ya kanisa, maji ya mwalo hayapandi huko. Nimewauliza wazee waliozaliwa pale, hakuna aliyewahi kuchimba wala kuosha. Na mchanga nimeuacha kabisa, naweka pumba za mpunga. Unasemaje? Tujaze?"

Nilitaka kumjibu upesi, kama zamani. Nikajizuia.

"Mimi huko nyuma ya kanisa sikujui," nikamwambia. "Unakujua wewe. Wewe unasemaje?"

Nikasikia karasha za kusagia mawe zinanguruma mbali nyuma yake.

"Mimi nasema ni safi," akasema.

"Basi jazeni. Na mboga ikikomaa niite. Nitakuja kula."