Mtamba wa Mahari Yangu

Kwetu Ihanda, mwanamke akiolewa na asizae, ng'ombe wake wa mahari hawaliwi wala hawauzwi. Baba yake anawachunga tu, maana wanaweza kudaiwa siku yoyote. Kila nikienda kusalimia nyumbani, nilikuwa natupa jicho zizini kabla ya kuwaangalia watu.

Wa kwanza kunila ni yule mwenye duka la dawa Tunduma. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na kila mwenye koti jeupe alifungua chumba chake. Alinichoma sindano, eti anazibua mirija ya uzazi, wakati hajawahi hata kunipima. Kahawa yetu ya misimu miwili iliishia kwake. Nikimuuliza, ananijibu, "Mama, dawa haitaki haraka. Njoo mwezi ujao, na hela."

Wa pili ni mume wangu. Hospitali ya Mbeya walitaka hela ya kupiga picha ya mirija, naye akasema, "Nenda kwa baba yako. Si ana ng'ombe?"

Baba alinipeleka hadi zizini. "Mwanangu, hii isipojibu, watanivua nguo." Kesho yake akauza mtamba mmoja wa mahari, jike changa lililokaribia kupandwa.

Picha ikaonyesha mirija iko wazi. Daktari akasema, "Wewe huna shida, mama. Mlete mwenzio tumpime." Nikarudi na furaha, mjinga mimi. Mume wangu hakuinua hata kichwa kwenye ugali. "Nipimwe kama dume la mbegu? Ukoo wetu hauna tasa."

Wa tatu ni mama yake. Kabla kahawa nyingine haijaiva, alinirudisha kwetu, akamtuma mshenga na vijana wao kwa baba kudai mahari. Mshenga akazunguka zizi lote.

"Mzee, mtamba yuko wapi?"

"Nilimuuza nimtibie mke wenu."

"Nani alikutuma? Na yule sasa angekuwa ameshazaa. Tunamtaka na ndama wake."

Baba akacheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Wakaondoka na ng'ombe wote wa mahari, na juu yake wakachukua maksai wetu wawili wa kulimia: mmoja wa mtamba, mmoja wa ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mvua zilipoanza tulilima kwa jembe la mkono, baba, mama na mimi. Baba hakunilaumu hata mara moja. Alikuwa akifika mwisho wa tuta, anaegemea mpini, ananisubiri nimfikie.