Basi Linaposimama kwa Akina Coyle

"Bi Verlene ana bwana pale konani," jirani yangu Loretta aliniambia, shingo imetoka dirishani. "Basi zima la watoto linaunguruma, yeye anasubiri nini? Hata aibu hana!"

Nilicheka tu, nikaendelea kumnyonyesha Wade wangu. Lakini hata mimi nilikuwa nimeona. Kila asubuhi basi la shule lilisimama mbele ya nyumba ya magurudumu ya akina Coyle, na Bi Verlene, dereva, hakutulia kitini. Mara apige honi, mara ashuke, apande tena, achungulie barabara ya kiwanda cha kuku.

Sheria inamtaka dereva asubiri kidogo tu, kisha aondoke. Bi Verlene hajaiweza tangu alipokuwa akinipeleka mimi shule kwa basi hilohilo. Anamjua kila mtoto kwa koti lake. Asiye na kofia humvika ya kwake, halafu anashinda akilalamika masikio yanamuuma.

Siku ya mtihani wa jimbo mji mzima ulikuwa roho juu. Tulishaambiwa: watoto wakikosekana wengi, shule itahesabiwa imefeli tena, na safari hii itafungwa. Wetu wangepelekwa mji wa pili, mwendo wa saa nzima.

Nikatoka na Wade kiunoni. Basi lilikuwa palepale. Mlangoni kwa akina Coyle alisimama Kenzie, begi mgongoni, mdogo wake mchanga akilia kifuani.

"Mama hajatoka zamu ya usiku kiwandani," Kenzie alisema. "Wewe nenda tu, Bi Verlene."

"Niende bila wewe? Nani mwingine anajua hesabu humo ndani?"

"Sasa mtoto nimwachie nani? Kila siku mama ananikuta mlangoni. Leo amechelewa."

Kumbe yule bwana wa Bi Verlene aliyesemwa na Loretta ni kitoto hiki, chenye meno mawili tu, tena ya chini.

"Bi Verlene, tunachelewa!" watoto walipiga kelele.

"Kaeni chini, majogoo nyie!"

Akatazama barabara. Hakuna gari. Akageuka, akaniona. Alimchukua mtoto kwa Kenzie, akavuka majani yenye umande karibu akimbie.

"Binti yangu," alisema, anahema, "najua una wako. Nishikie na huyu. Leo tu..." Akatikisa kichwa. "Hapana, nisikudanganye. Kila asubuhi, mpaka mama yake arudi kazini. Utaweza?"