Karani anayerudisha majina yaliyogeuka viulizo

Saa mbili kasoro robo asubuhi, karani wa ofisi ya kumbukumbu za makaburi anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa pindo la mtandio wake, anaketi, anafungua mstari wa kwanza wa siku. Penye nafasi ya jina hamna jina. Kuna A yenye kofia, E yenye kijistari juu, na D iliyokatwa katikati.

Hashtuki. Anabonyeza mara tatu, na mchafuko ule unageuka maandishi ya Kiarabu, kulia kwenda kushoto: jina la mwanamke, la baba yake, na la babu yake.

"Huyu amerudi," anasema, na kuhamia kwa anayefuata.

Ana miaka arobaini na sita na watoto watatu. Wenzake wa chumba cha pili wanamwita Mama Kiulizo. Jina hilo, anasema, amelipata kihalali, maana kosa lilikuwa lake.

Kwa zaidi ya miaka sitini ofisi hii iliandika majina ya marehemu kwa herufi zilizotumiwa na familia zao, na wengi walitumia za Kiarabu. Vitabu viliponakiliwa kwenye kompyuta ya zamani, ilihifadhi kila herufi kwa namba yake. Zilipoletwa kompyuta mpya, zikazisoma namba zile zile kwa orodha ya herufi nyingine kabisa. Majina yakaonekana takataka, ingawa ndani yalikuwa salama.

Karani hakuyajua hayo. Alikuwa na wiki mbili kazini, kwa mkataba wa miezi sita. Akajaribu kuyasafisha kwa programu mpya, akahifadhi. Mistari 412 ikageuka alama za kuuliza tupu.

"Nilikaa nikaitazama," anasema. "Ile ya mwanzo ilikuwa inatisha, lakini ilikuwa na kitu ndani. Hii haikuwa na kitu."

Angeweza kunyamaza. Badala yake alimwendea mkuu wake siku hiyo hiyo, naye akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akamweleza bila kumung'unya maneno: mistari ambayo hakuigusa itapona ikisomwa kwa orodha yake ya asili. Ile aliyoihifadhi, basi tena.

Fundi alimtengenezea programu ndogo ya kubadilisha orodha. Hata hivyo, kila jina lazima lisomwe na mtu, kwa sababu mengine yana herufi zilizoruka. Karani alisoma Kiarabu utotoni kwa miezi michache tu. "Nilikuwa naijua alifu na be, nikifika mbele zaidi najikwaa," anasema.

Akaanza kuchapa kurasa na kuzipeleka nyumbani kwa mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na minane anayesoma kwa miwani iliyofungwa uzi.

"Mwanangu, hii siyo ha, ni jimu. Nukta yake iko wapi?"

"Printa imeimeza, mama."

"Basi mwambie printa atangulie kwenda kusoma."

Leo, mwaka wa tatu, mkataba wake umeongezwa mara tano. Kati ya mistari 9,860, amekwisha kuhakiki 7,300, kama kumi na mbili kwa siku.

Mwezi uliopita alifika dereva wa lori mstaafu, akitafuta kaburi la mama yake aliyefariki yeye akiwa na miaka sita. Ilikuwa mara yake ya nne. Mara tatu aliambiwa jina hilo halimo. Karani aliliandika kwa herufi za Kiarabu, ukajitokeza mstari mmoja, wenye namba ya kaburi.

Walikwenda pamoja. Jiwe lilikuwa limezama nusu. Dereva alivua viatu, akachuchumaa, akaanza kung'oa majani kwa mikono.

"Nimepita kijia hiki miaka nenda rudi," alimwambia mwandishi wa habari hii kwa simu, "nikienda kule kona ya wasiojulikana kumwombea."

Ile mistari 412 ndiyo inayomnyima karani raha. Vitabu vya karatasi vya majina hayo viliozeshwa na paa linalovuja, kwa hiyo huenda makaburini na brashi na daftari, akisoma mawe. Amepata majina 287. Yamebaki 125, ambayo mawe yake yamefutika au hayakuwahi kuwekwa. Mwakani makaburi yasiyo na jina wala ndugu yatachimbwa upya kuzikia watu wengine.

Tarehe za mazishi hazikuharibika, kwa kuwa tarakimu zilisomeka sawasawa. Kuanzia Jumamosi hii karani anapanga kuzichukua na kupita nyumba kwa nyumba mitaa ya jirani, kuwauliza wazee ni nani aliyezikwa siku fulani. Alipomwomba mama mkwe amtajie watu wa kuanza nao, bibi huyo alisema hatabaki nyumbani.

"Nimehudhuria mazishi mengi kuliko hiyo kompyuta yako," alisema, akaivuta karatasi karibu na miwani. Kidole chake kikasimama kwenye tarehe ya kwanza.

"Wiki ya tarehe hii alizikwa yule mshonaji wa pale kona. Mvua ilinyesha mpaka kaburini. Andika kwa penseli kwanza. Jumamosi tutamuuliza binti yake."

Karani akaandika.