Mjomba Nitro

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi nyumbani Nyamira kwa likizo nikiwa nimeanguka mtihani wa kemia chuo kikuu. Ningepewa nafasi ya kuurudia mara moja tu. Nikianguka tena, ningebaki nyumbani kuchuma majani chai mbele ya watu walewale walionisindikiza kwa maombi na kuku.

Kilichonishinda ni mduara wa benzini. Kaboni sita hugawana elektroni sawasawa, mpaka kitu kingine kijishikize kwenye mojawapo na kuvuruga ugavi. Nitro, kwa mfano, huvuta elektroni. Lakini kwa nini kitu kingine chenye njaa ya elektroni kikija hukwepa majirani wa nitro na aliye mkabala nayo, kikaenda nafasi ya tatu, ukihesabu ya nitro kuwa ya kwanza? Nilikariri kwa sauti mpaka dada akaniuliza ni dini gani hiyo.

Jumamosi moja baada ya ibada ya Sabato tulikuwa sita jikoni, tumezunguka ugali wa wimbi, kila mtu na nyama zake mbele yake. Akaingia mjomba, kaka ya mama. Desturi ilimtaka ale na baba sebuleni, lakini yeye aliona heshima haishibishi. Akajibanza nyuma ya mama. Mkono wa kushoto ukachota kwa nyanya, wa kulia kwa dada, wote wawili ubavuni mwa mama, kisha ukanyooka mpaka kwa binamu aliyeketi mkabala na mama.

"Mjomba, hata za nyanya?" dada akalalamika.

"Nyanya hana meno. Namsaidia kutafuna."

Paka wetu akawapita hao wote, akaja kukaa kati ya nyanya na binamu, magotini pangu. Kwangu nyama zilikuwa bado zipo.

"Nafasi ya tatu!" nikapiga kelele, nikamwaga mchuzi.

"Chuo kimemharibu," mama akasema.

Swali lilelile likaja mtihanini. Nililijibu kwa pupa. Wiki chache baadaye mhadhiri akaniita ofisini.

"Umefaulu. Ila umeandika kwamba elektroni hupungua kwa majirani wa mjomba. Mjomba ndiye nani?"

Nyumbani walichinja kuku. Nikamweleza mjomba kwamba bila yeye ningekuwa shambani.

"Nilijua tu nitakuja kukusomesha," akasema, akanyoosha mkono kwenye sahani yangu. Siku hiyo nilimsogezea mwenyewe.

Paka akahama magotini pangu.