Njiti Ishirini na Moja

Baba mdogo alirudi Iringa kutoka masomoni Ulaya mwishoni mwa miaka ya sabini, akaja na kompyuta. Sisi hata televisheni tulikuwa hatujaiona, lakini dude lake lilikuwa na kioo chake, na ndani ya boksi lake zilikuja kaseti za michezo. Aliupenda mmoja tu. Kioo kinaonyesha njiti ishirini na moja, kila mchezaji kwa zamu yake anaondoa moja, mbili au tatu, na anayebakiwa na ile ya mwisho ameshindwa.

Kila Jumapili watu walijaa sebuleni kwetu. Mashine iliuliza nani aanze, na baba mdogo akawajibia wote kwa upole: mgeni kwanza. Wote walishindwa. Ikifika zamu yake, aliiachia mashine ianze, akaishinda, kisha akavua miwani na kuifuta taratibu.

Wakati huo nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha tano Mbeya, kusoma hesabu, na baba alikuwa bado hajaamua kuniruhusu. Baba mdogo akaniita nicheze na mashine mbele ya baba. Akanianzisha mimi. Nikashindwa, nikarudia, nikashindwa tena.

"Kaka, kichwa gani hiki cha hesabu?" alisema huku akicheka. "Mtafutieni cherehani huyu."

Baba naye akacheka. Kesho yake akaanza kuulizia fundi wa kunifundisha kushona.

Sikulia. Nilimchukia yule mtu. Nikichambua maharage jikoni nilikuwa natenga ishirini na moja, mkono wa kulia unacheza na wa kushoto, mpaka nikaona. Anayetangulia ameshaliwa, mradi wa pili ajue kuhesabu. Kila akichukua, wewe ongeza mpaka zitimie nne, hadi umbakishie tano, na hapo achukue ngapi apendazo, wewe utamwachia moja. Kumbe ukarimu wote ule wa mgeni kwanza ulikuwa mtego, na mimi ndiye niliyekaribia kunyang'anywa shule kwa sababu yake.

Nikasubiri siku wazee wa ukoo walipokutana nyumbani. Nikapiga goti, nikamwamkia Kihehe.

"Kamwene, baba mdogo."

Nikamwaga njiti za kiberiti mezani, nikaomba tucheze sisi wawili, bila mashine.

"Haya, anza," akasema haraka.

"Mimi nikutangulie wewe, baba yangu? Hapana. Mkubwa aanze."

"Mtoto ana adabu huyu," shangazi akasema, na wazee wakaitikia.

Baba mdogo alinitazama, akajua kwamba najua. Lakini angesema nini mbele ya kaka zake? Akachukua mbili. Nami nikachukua mbili. Mwishowe ikabaki njiti moja mbele yake, na jasho. Nikaomba turudie, kwa heshima ileile, akaanza tena, akaliwa tena. Nilikuwa tayari kurudia mpaka jioni. Raha niliyoisikia sijapata kuisikia tena.

Safari hii baba hakucheka.

"Ulisema hana kichwa," akamwambia mdogo wake. "Basi Mbeya utampeleka wewe mwenyewe."

Akanipeleka. Kutoka stendi hadi shuleni ni mlima mtupu, naye alibeba sanduku langu begani akiwa ndani ya suti yake ya Ulaya, akitua kila baada ya hatua chache. Aliuliza mna nini humo. Nikamwambia vitabu. Chini ya vitabu nilikuwa nimepanga matofali, na kama lingebaki na nafasi ningeongeza.